Doa Jeupe Kwenye Ubongo wa Mgonjwa wa Ini Halisemi Tunachodhani

Tangu Januari 2024, ulipochapishwa utafiti uliohusu askari wastaafu wa Marekani wenye dimenshia, kuna sentensi moja inayorudiwa bila kuchujwa: kwamba mzee mmoja kati ya kila kumi tunaoambiwa wamepoteza kumbukumbu huenda hana dimenshia, bali ini lake limechoka na sumu imempanda kichwani, hali iitwayo ensefalopathi ya ini. Sentensi hiyo ina faida yake, kwa kuwa imewakumbusha watu kuuliza habari za ini pale ambapo zamani walikuwa wakiishia kwenye ubongo tu. Lakini nyuma yake imekuja tafsiri isiyo sahihi, kwamba jibu limo ndani ya mashine ya MRI: mpigeni picha ya kichwa tujue kama ni ini au ni uzee. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Picha ya ubongo wa mgonjwa wa ini sugu inaonyesha vizuri jambo moja, nalo ni kwamba damu itokayo utumboni imepata njia ya kulikwepa ini. Haionyeshi kama akili ya mgonjwa imevurugika leo, imevurugika kiasi gani, wala kama itatulia kwa dawa. Hayo matatu hujibiwa kando ya kitanda. MRI ina kazi kubwa kwa wagonjwa hawa, ila si kazi tunayoipa.

Tuanze na huo utafiti wenyewe. Ulihusu askari wastaafu 177,422 waliotambuliwa kuwa na dimenshia kati ya 2009 na 2019, bila kuwa na utambuzi wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Asilimia 10.3 walikuwa na alama ya FIB-4, ya kukadiria makovu ya ini, inayozidi 2.67, na asilimia 5.3 walizidi 3.25. FIB-4 haina picha ya aina yoyote. Ni hesabu inayotokana na vipimo vya kawaida vya damu. Unazidisha umri wa mgonjwa kwa kimeng'enya cha AST, kisha unagawanya kwa zao la chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na kipeuo cha pili cha kimeng'enya kingine, ALT. Chukua mzee wa miaka 80 mwenye AST 40, ALT 25 na chembe sahani 220. Juu unapata 3,200. Chini, kipeuo cha pili cha 25 ni 5, mara 220 ni 1,100. Jibu ni 2.9, na mzee wetu tayari ameingia kwenye kundi la wanaoshukiwa kuwa na makovu mazito ya ini. Sasa mpe kijana wa miaka 40 damu ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Jibu ni 1.45. Damu ni moja, kilichobadilika ni mwaka wa kuzaliwa. Ndiyo maana kwa watu waliopita miaka 65 kiwango cha kumwondolea mtu shaka hupandishwa kutoka 1.3 hadi 2.0. Na wenye dimenshia ni kina nani, kama si wazee? Kwa hiyo ile asilimia 10.3 ni idadi ya watu wanaostahili kuchunguzwa ini, tena baadhi yao wamefikishwa hapo na umri wao tu. Si idadi ya watu ambao ini limewavuruga akili.

Ili kuelewa kwa nini picha haiwezi kuziba pengo hilo, ni lazima tufuate mizigo miwili inayosafiri kwenye damu ya utumbo. Mzigo wa kwanza ni amonia, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana na pia na seli za utumbo wenyewe zinapotumia glutamini. Wa pili ni manganisi, madini tunayokula kila siku na ambayo utumbo hufyonza sehemu yake ndogo tu, chini ya asilimia 5. Yote miwili hupita kwenye mshipa wa lango na kufika kwenye ini, ambalo huigeuza amonia kuwa urea na kuitupa manganisi kwenye nyongo. Ini likishaota makovu, presha ya mshipa wa lango hupanda na damu hufungua vichochoro: kuzunguka umio, kutoka bandama kwenda kwenye mshipa wa figo, kupitia kitovu. Mizigo yote miwili hupenya humo na kufika kichwani bila kukaguliwa. Hadi hapo safari yao ni moja. Tofauti iko kwenye saa zao. Amonia hupanda na kushuka kwa saa chache: mgonjwa akifunga choo siku mbili, akitapika damu, akipata maambukizi ya maji ya tumboni au akikaushwa na dawa za kukojoa, hupanda, akipata choo, hushuka. Manganisi hujilimbikiza kwa miezi na kuondoka kwa miezi. Vurugu ya akili hufuata saa ya haraka. Weupe tunaouona kwenye MRI hufuata saa ya polepole. Karibu ugomvi wote kuhusu picha hizi unatokana na kusoma saa moja ukidhani unasoma nyingine.

Weupe wenyewe ukishauona mara moja hutausahau. Kwenye picha za T1 (T1 na T2 ni namna mbili za kupiga picha za MRI) zisizo na dawa ya kung'arisha, tafuta mkato unaopita kwenye viini vya ndani, pale ambapo thalamasi mbili zinatazamana. Pembeni ya kila thalamasi, baada ya utepe wa nyuzi za kapsuli ya ndani, kuna umbo la kabari lenye sehemu mbili: putameni upande wa nje na globasi palidasi upande wa ndani. Kwa mtu wa kawaida palidasi haijitokezi. Kwa mwenye sirosisi yenye vichochoro vilivyokomaa inang'aa pande zote mbili sawasawa, na wakati mwingine mng'ao unashuka hadi sabstansia naigra kwenye ubongo wa kati na kufika tezi ya pituitari upande wa mbele. Manganisi ina elektroni zisizo na mwenza, nazo hufupisha muda wa T1 wa maji yaliyo jirani, hivyo mahali hapo hung'aa. Ukiangalia mkato huo huo kwenye T2 huoni kitu. Ukiangalia kwenye CT, picha ya eksirei ya kompyuta, huoni kitu pia, na hilo lina manufaa, kwa sababu kalsiamu iliyoganda palidasi nayo huweza kung'aa kwenye T1, lakini CT huiumbua papo hapo. Uchunguzi wa maiti za waliokufa na sirosisi ulikuta manganisi kwenye palidasi imeongezeka mara 2 hadi 7. Chanzo hakibishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni maana yake kwa mgonjwa aliye mbele yako.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo maarufu, ni hii: kadiri palidasi inavyong'aa ndivyo vurugu ya akili ilivyo kubwa, kwa hiyo tupime mng'ao tupate daraja. Imejaribiwa. Kuna hata kipimo chake, kinachogawanya mng'ao wa palidasi kwa mng'ao wa kitu cheupe (eneo la nyuzi za neva) cha ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, na kuzidisha kwa 100. Kinachopatikana ni uhusiano na ukubwa wa vichochoro na uzito wa ugonjwa wa ini, lakini hakipangi wagonjwa kwa madaraja ya West Haven, ngazi za uzito wa vurugu hii ya akili, kwa namna inayoweza kumsaidia daktari. Wengi wenye sirosisi wana weupe huo, na miongoni mwao wamo wanaoendesha biashara zao, wanaotaja tarehe bila kukosea na kujibu kila swali. Upande wa pili, mtu ambaye ini lake limekufa ghafla ndani ya wiki moja anaweza kuwa kwenye koma nzito huku palidasi yake ikiwa haijabadilika, kwa kuwa manganisi haijapata muda wa kujilundika. Kisha kuna watu ambao ini lao halina kosa lolote: wanaolishwa kwa mshipa kwa muda mrefu na kupata manganisi moja kwa moja kwenye damu, na wachomeleaji vyuma wanaovuta mvuke wake. Nao wanang'aa. Baada ya kupandikizwa ini, akili husafika mapema sana, lakini weupe huchukua miezi mingi, hata mwaka au zaidi, kufifia. Ukimwekea mtu kama huyo picha mbele ya daktari asiyemjua, ataandikiwa dawa za ugonjwa aliokwisha kupona. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hili ni wingu linalobaki angani hata ardhi ikiwa imeshakauka.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa vya kutosha, na inawagusa wagonjwa wa ini kuliko kundi jingine lolote. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakiongozwa na Kanda walionyesha kwamba watu waliochomwa mara nyingi dawa ya kung'arisha yenye gadolini hubaki na weupe wa T1 kwenye kiini cha dentati cha ubongo mdogo na kwenye globasi palidasi, ile ile tunayoizungumzia. Lawama kubwa iko kwa dawa ambazo molekuli yake ni ya mstari ulionyooka. Zile za umbo la pete huishika gadolini kwa nguvu zaidi. Mwaka 2017 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliziondoa nyingi za mstari, lakini wakabakisha mbili kwa kazi ya ini peke yake, kwa sababu seli za ini huzifyonza na uvimbe wa saratani huonekana vizuri zaidi. Fikiria basi mgonjwa wa sirosisi mwenye vinundu vinavyofuatiliwa. Huyo ndiye anayechomwa dawa hizo mara kwa mara, na ndiye ambaye kesho tutamsoma palidasi tukisema ni manganisi. Namna ya kuvitenganisha ipo, ingawa si kamili: gadolini hujionyesha zaidi kwenye dentati, manganisi hupendelea palidasi. Dentati iking'aa pamoja na palidasi, fungua faili uhesabu sindano kabla ya kuandika chochote. Na usilinganishe picha ya mwaka huu na ya mwaka juzi kama zilipigwa kwa mashine za nguvu tofauti au kwa aina tofauti ya T1. Mng'ao hubadilika na mashine, na fundi akiubana utofauti wa rangi kwenye skrini, palidasi ya mtu mzima wa afya inaweza kuonekana imewaka.

Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili inahusu spektroskopia, na sitaipuuza. Hii hupimwa kwa mashine ile ile ya MRI, lakini badala ya picha inatoa mstari wenye vilele, kila kilele kikiwa kemikali yake. Kwa mgonjwa wa sirosisi sura yake inatambulika: kilele cha pamoja cha glutamini na glutamati, kati ya 2.1 na 2.5 kwenye kipimo cha ppm, kinapanda; mayo-inositoli kwenye 3.55 inashuka, kolini kwenye 3.2 nayo inashuka. Na NAA kwenye 2.0, inayowakilisha uzima wa neva, kwa kawaida inabaki palepale. Maelezo yake yanapendeza kwa mantiki. Ubongo hauna njia ya kutengeneza urea, kwa hiyo astrosaiti, seli zinazozitunza neva, huikamata amonia na kuiunganisha na glutamati ili iwe glutamini. Glutamini ikijaa ndani ya seli huvuta maji, na seli, ili isivimbe, hutupa nje mayo-inositoli. Mstari huo kwa hiyo unasoma amonia yenyewe, si manganisi, na uko karibu zaidi na saa ya akili. Baada ya kupandikizwa ini hurudi kawaida mapema kuliko weupe wa palidasi. Anayesema spektroskopia inagusa ugonjwa halisi hajakosea.

Kikwazo kiko kwenye utendaji na kwenye mipaka ya mgonjwa mmojammoja. Kisanduku cha kupimia kwa kawaida ni sentimita 2 kila upande, yaani mililita 8, kinachowekwa kwenye kitu cheupe cha parietali (upande wa juu wa ubongo) au kitu cha kijivu cha nyuma, mbali na mfupa na maji ya ventrikali, vyumba vya ndani ya ubongo. Kikisogea na kugusa mafuta ya fuvu, mstari unaharibika. Muda wa mwangwi, yaani muda ambao mashine hungoja kabla ya kusikiliza ishara, lazima uwe mfupi, milisekunde 30 au pungufu. Fundi aliyezoea kutafuta uvimbe wa saratani akiacha mashine kwenye 135 au 144, vilele vya glutamini na mayo-inositoli hufifia mno, na ripoti hutoka ikisema hakuna tatizo, kumbe kilichotakiwa kupimwa hakikupimwa. Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 glutamini na glutamati zimelaliana. Ili zitengane vizuri unahitaji tesla 3 au zaidi. Halafu mgonjwa aliyechanganyikiwa anatakiwa atulie kimya dakika kadhaa, na huyo ndiye asiyetulia. Juu ya yote, sodiamu ikishuka kwenye damu, seli za ubongo hutupa mayo-inositoli kwa sababu hiyo hiyo ya kujikinga na uvimbe, na nusu ya wagonjwa wetu wanaotumia dawa za kukojoa wana sodiamu ya chini. Kwa makundi, wastani wa wenye vurugu ya akili na wa wasio nayo hutofautiana waziwazi. Kwa mtu mmoja, namba hupishana kiasi kwamba huwezi kuchora mstari na kusema aliye juu yake ni mgonjwa. Ni chombo kizuri cha utafiti, na sioni kosa kukitumia huko.

Vipimo vya mtawanyiko wa maji na alama za FLAIR (namna nyingine ya picha za MRI) kwenye njia ya nyuzi za mwendo vinasimulia habari hiyo hiyo kwa lugha nyingine: maji yameongezeka kidogo kwenye kitu cheupe, na huondoka ini jipya likifanya kazi. Vinathibitisha kwamba ubongo wa wagonjwa hawa una uvimbe hafifu wa kudumu. Zaidi ya hapo havina la kumwambia daktari wa zamu.

Sasa kuna wanaokimbilia upande wa pili: kama picha haitambui ugonjwa, basi tusipige kabisa, kila mwenye sirosisi akichanganyikiwa apewe laktulosi, dawa ya choo inayoshusha amonia, na tungoje. Msimamo huu unaokoa fedha siku tisa na kuua siku ya kumi. Mgonjwa wa sirosisi huanguka, damu yake haigandi ipasavyo, chembe sahani zake ni chache, na ubongo uliosinyaa kwa pombe au umri unaacha nafasi ya mishipa kuchanika. Damu iliyovuja chini ya utando wa dura inaweza kumfanya asinzie na kusahau siku, sawasawa na ini linavyomfanya. Tena CT yake ina mtego: damu mbichi ni nyeupe na ya muda mrefu ni nyeusi, lakini kati ya wiki ya kwanza na ya tatu hupita kipindi inapokuwa na rangi ile ile ya ubongo. Msomaji mwenye haraka ataipita. Inamlazimu aangalie kama mifereji ya ubongo inafika hadi kwenye mfupa au imesukumwa ndani, na kama ventrikali ya upande mmoja imebanwa.

Orodha ya vinavyojificha nyuma ya jina la ini haiishii hapo. Mlevi asiyekula anaweza kukosa thiamini (vitamini B1). MRI huonyesha weupe wa T2 kando ya ventrikali ya tatu, kwenye mamilari (vinundu viwili chini ya ubongo) na kuzunguka mfereji wa ubongo wa kati, lakini kwa takriban nusu tu ya wagonjwa, kwa hiyo picha safi isikuzuie kumpa thiamini kwa mshipa. Aliyekuwa na sodiamu 112 akapandishwa hadi 128 kwa siku moja anaweza kuamka vizuri, kisha baada ya siku chache akashindwa kumeza na kuongea. Nyuzi za ponsi, sehemu ya shina la ubongo, zimevuliwa ala yake, na T2 inaweza kukaa wiki mbili kabla ya kuonyesha. Wagonjwa wa ini ni wepesi kupata balaa hili kuliko wengine, ndiyo maana sodiamu yao isipandishwe zaidi ya milimoli 8 kwa lita ndani ya saa 24. Kijana mwenye ini bovu na mikono inayotetemeka atafutwe ugonjwa wa Wilson: humo shaba ndiyo mkosaji, na weupe wa T2 kwenye putameni, thalamasi na ubongo wa kati ndio hutangulia kuvutia jicho. Na amonia ikilipuka kwa ghafla hadi kuunguza gamba la ubongo, picha za mtawanyiko huonyesha insula na singuleti, sehemu mbili za gamba hilo, zimewaka pande zote mbili, huku gamba la oksipitali na la kuzunguka mfereji wa kati likisalimika. Mpangilio huo ukiuona, hapo hakuna muda wa kungoja choo.

Kuna hali moja tu ambapo weupe wa palidasi unabeba uzito katika utambuzi wa ubongo wenyewe. Ni ule uharibifu sugu ulioelezwa kwa kina na Victor, Adams na Cole mwaka 1965: mgonjwa wa vichochoro vya muda mrefu anakuwa mzito wa mwendo, uso unakauka, mikono inakakamaa kama ya Parkinson, pengine hatua zinayumba. Laktulosi haimsogezi. Hapa manganisi imekaa muda wa kutosha kuharibu, na saa ya polepole imekuwa ndiyo saa ya dalili. Weupe wa T1 kwenye palidasi, na kwa baadhi yao weupe wa T2 kwenye mihimili ya kati ya ubongo mdogo, unaunga mkono utambuzi. Lakini tazama kilichotangulia: ni mwendo wa mgonjwa uliomfanya daktari auulize ubongo, si picha iliyomtafutia mgonjwa ugonjwa.

Wanaotetea picha husema maswali ya kitandani yanategemea muulizaji, ilhali mashine haina upendeleo. Ni kweli nusu. Daraja la kwanza la West Haven ni utata mtupu. Madaktari wawili hawatakubaliana kama mgonjwa ana usingizi uliogeuka au hakulala tu. Lakini kwa daraja la pili kwenda juu alama ziko wazi: hajui siku ni ipi, na akinyoosha mikono na kukunja viganja nyuma kama anayesimamisha gari, viganja vinaanguka na kurudi, vinaanguka na kurudi. Kwa madaraja ya chini kuna jaribio lisilohitaji hata kalamu: mwambie ataje wanyama wote anaowajua kwa dakika moja, na wewe hesabu. Anaanza ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka, kuku, sekunde ya ishirini anasimama, anarudia mbuzi, anakuuliza kama samaki ni mnyama. Chini ya 10 ni dalili nzito, zaidi ya 15 inatuliza moyo, na kati ya hapo mpime tena kwa njia nyingine. Mzee aliyepita miaka 80 au aliyesoma miaka michache aongezewe nafuu. Jaribio hilo linarudiwa kesho na kesho kutwa, na ndilo linalofuata saa ya haraka.

Amonia nayo ipimwe kwa akili. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya magonjwa ya ini vya Marekani na Ulaya wa 2014 ulisema wazi kwamba amonia ya juu peke yake haithibitishi kitu, bali ya kawaida ndiyo inayopaswa kukufanya utafute sababu nyingine. Damu ikikaa mezani bila barafu, namba hupanda yenyewe na kudanganya. Laktulosi huanza na mililita 25 kila saa moja au mbili hadi choo laini kitoke walau mara mbili, kisha hupunguzwa ili apate choo mara 2 au 3 kwa siku. Wapo wanaoendelea kummiminia hadi anaharisha mara nane, anakauka, figo zinalegea na akili inazidi kuvurugika. Halafu wanaomba MRI kujua kwa nini hapati nafuu. Rifaksimini, antibiotiki inayofanya kazi utumboni, miligramu 550 mara mbili kwa siku ilithibitishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 299 waliofuatiliwa miezi sita: waliorudiwa na vurugu ya akili walikuwa asilimia 22.1, dhidi ya 45.9 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hukumu ya nani amerudiwa ilitolewa kwa kumwongelesha mgonjwa na kuitazama mikono yake.

Kwa hiyo fomu ya kuombea picha ya kichwa cha mgonjwa wa sirosisi isiandikwe "ensefalopathi ya ini, thibitisha". Iandikwe kinachotafutwa: kuanguka siku nne zilizopita, au udhaifu wa mkono mmoja, au hakupata nafuu baada ya siku mbili au tatu za laktulosi inayofanya kazi, na sodiamu ilikuwa kiasi gani lini. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unaelekea huko huko, kwamba picha ipigwe pale penye shaka ya utambuzi au tiba inapogonga mwamba. Na mtaalamu wa radiolojia anayekuta palidasi imewaka aandike kwamba inalingana na damu kupita pembeni ya ini, ataje kama dentati imeshiriki, kisha aache kutoa daraja la akili ambayo hakuipima.

Tukirudi kwa wale wazee wenye dimenshia, nadhani alama hii ya weupe wa palidasi ina kazi ambayo karibu hakuna anayeipa: isomwe kutoka ubongoni kwenda kwenye ini, badala ya kutoka kwenye ini kwenda ubongoni. Wengi wao walishapigwa MRI siku walipoanza kuchunguzwa kumbukumbu. Picha za T1 ziko kwenye kumbukumbu za mashine, zimetazamwa kwa ajili ya kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na kufungwa. Zifunguliwe tena, mkato wa viini vya ndani utazamwe. Ikiwa palidasi zote mbili zinang'aa, na mgonjwa hajawahi kulishwa kwa mshipa wala hana historia ya sindano nyingi za gadolini, apimwe chembe sahani, ugumu wa ini na mkondo wa mshipa wa lango kwa ultrasaundi ya Dopla. Hili linawafikia hata watu ambao FIB-4 haitawaona kamwe: wenye ini zima lisilo na kovu, lakini wana mshipa mmoja mkubwa, wa kuzaliwa nao au uliotokea baadaye, unaomwaga damu ya utumbo moja kwa moja kwenye mzunguko mkuu. Vimeng'enya vyao ni vya kawaida, chembe sahani hazijapungua, na kwa miaka wameitwa wasahaulifu. Mshipa wa namna hiyo mara nyingi huweza kuzibwa kwa katheta.